Udongo wa Ngiri

Walikuwapo majirani wawili mgongoni mwa mlima: Ngiri alilima juu, Fuko akalima chini yake. Ngiri alichimba mifereji iliyoteremka moja kwa moja, kwa kuwa pua yake huchimba kwa wepesi ikielekea bondeni.

“Jirani, lima matuta ya kukingama mteremko, yazuie maji,” Fuko alimwambia wakati wa kusafisha shamba. Alimwambia tena wakati wa kupanda. Wingu lilipotanda alimwambia mara ya tatu, akipiga chini kwa makucha: “Au mpaka nikuimbie ndipo usikie?”

Ngiri akacheka. “Kipofu anifundishe kulima! Mteremko umeuona wapi wewe?”

“Nimeuona kwa tumbo, bwana, kila siku nikiupanda.”

Mvua ikanyesha siku nne. Maji yakafuata mifereji ya Ngiri, yakachukua udongo mweusi pamoja na mbegu zake za mtama, pakabaki mwamba mtupu. Huko chini, matuta ya Fuko yaliyopandwa matete yakayazuia maji, na udongo ukatua hapo.

Mtama ulipochipua kwa Fuko, Ngiri akashuka akifoka. “Mwizi! Udongo huo wangu, na mtama wangu!”

Fuko akashusha pumzi. “Ni wako, sikatai. Uchukue wote. Ila ulishushwa na mvua, utapandishwa na mgongo wako. Na ukiufikisha juu, utauzuiaje usishuke tena?”

Ngiri akautazama ule mwamba, kisha akayatazama matete. Akauliza kwa unyonge, “Tuta la kwanza huanzia wapi?”

“Mara ya nne hii nakwambia!” alifoka Fuko, naye akatangulia kupanda mlima kwa tumbo lake.