Mstari Mmoja wa Lurleen

"Kata jina la yule mama, weka la mwimbaji," meneja aliniambia, akinisukumia karatasi na kalamu. "Ukikata, wimbo wako anaurekodi leo hii. Usipokata, hautaki."

Miaka kumi na moja ilikuwa imepita bila wimbo wangu hata mmoja kupigwa redioni. Kwa mtunzi wa nyimbo wa Nashville, mji wa Marekani unaoishi kwa muziki, hiyo ni kama umeshazikwa, ila bado unatakiwa kunyoa ndevu.

"Huyo mama, Lurleen, tuliutunga naye," nikasema.

"Acha utani, mzee. Umesema mwenyewe asubuhi nzima alilala kwenye kochi. Aliamka mara moja, akatoa mstari mmoja, akageukia ukutani."

"Na mstari wenyewe ndio huo mwimbaji wako anaoulilia."

"Mstari mmoja tu!"

"Na huyo mwimbaji wako katoa mingapi?"

Akagonga karatasi kwa kidole.

Mji huu una sheria ambayo hata mimi, niliyeacha shule darasa la saba, niliielewa siku ya kwanza: aliyekuwamo chumbani wimbo ukitungwa, jina lake linaandikwa, hata kama alikuwa anakoroma.

Nikachukua kalamu. Meneja akatabasamu.

Nikaiweka ncha juu ya herufi ya kwanza ya jina la Lurleen, nikaifuatisha taratibu, kisha ya pili, kisha ya tatu, nikikandamiza mpaka wino ukapenya karatasi na kuchafua meza yake nzuri.

"We! Unafanya nini?"

"Nalikoleza. Usije ukasema hukuliona."