Hodi Ukutani

Salha alikubali kuijaribu gemu mpya kabla ya kuitoa ya zamani. Ilikuwa ileile ya mbio za magari iliyolijaza wateja banda lake la michezo miaka yote, sasa imeundwa upya, matairi yanarusha tope kama kweli. Kombo, muuzaji, alitaka kuondoka na mashine kuukuu kama sehemu ya mabadilishano.

"Watoto watarudi, dada. Hii yako inaumiza macho."

Salha akawasha gari. Kwenye kona ya tatu palikuwa na ukuta wa matofali. Katika gemu ya zamani ukuta huo ulikuwa na kasoro, na marehemu kaka yake, Badi, ndiye aliyegundua kwamba gari linaupenya. Tangu hapo kila anayecheza humo, hata aliyezaliwa baada ya Badi kufa, hupiga hodi kabla ya kupita, na wenzake humkaribisha.

"Hodi," alisema Salha.

"Karibu, karibu," wakaitikia wateja wawili kwenye benchi.

Gari likagonga ukuta, likasimama. Vioo vikamwagika kipande kimoja kimoja, vikipendeza mno.

"Hilo wamelirekebisha," akasema Kombo kwa fahari.

"Nimeona."

"Leo Badi kafunga mlango," mteja mmoja akacheka. "Hebu nipishe, huenda wewe umebisha vibaya."

Salha akampisha. Kombo alikuwa ameshaanza kukunja waya wa mashine ya zamani. Waya ukagoma kuja. Akavuta tena, kisha akatazama chini, akaona kandambili ya Salha imeukanyaga.

Nyuma yao mteja alikuwa anaikaribia kona ya tatu.

"Hodi," alisema.