Mashine Yenye Luga Yake

Mama muuza samaki wadogo wa sambaza wa mlango wa pili anasema aliona kwa macho yake mashine ya kukata stika ikitafuna roli nzima ya stika peke yake, ikitetemeka kama mutu mwenye pepo. Anaapa patron, mwenye duka, alikimbia.

Patron hakukimbia. Alimwita mnunuzi wa mtaa wa Himbi aje kuichukua.

Mashine ikienda, Uwitonze, msaidizi wake dukani, naye angerudi kijijini Munigi kulima maharagwe. Mwezi mzima alikuwa amebandua mabaki ya stika kwa kucha, akitazama tu. Sasa aliinama. Kwenye kioo kidogo cha mashine paliandikwa DMPL. Kwenye ordinateur, yaani kompyuta, HPGL.

"Patron, hizi ni nini?"

"Luga za mashine. Wewe uliishia shule ya primaire, zitakusaidia nini?"

"Basi ordinateur inaiongelesha kinande, na mashine yenyewe inasikia kihunde tu. Itafanya nini, maskini?"

Patron alicheka. Kisha akaacha kucheka, akabonyeza kitufe mpaka kioo cha mashine nacho kikaonyesha HPGL, akaituma herufi moja ikatwe.

Kisu, chembamba kama ncha ya sindano, kilishuka. Kikapinda taratibu, kikafunga duara bila kuruka. Uwitonze akaingiza ukucha, akavuta polepole. Herufi O ikatoka nzima, nyekundu, kingo zake safi.

Aliibandika kwenye kidole cha patron.

"Hodi," mnunuzi aliita mlangoni, kamba za kufungia mzigo begani.

"Patron," Uwitonze alinong'ona, "mumuambie haiuzwi tena."

Patron aligeuza kidole kwenye mwanga, akaitazama ile O, kisha akamwambia mnunuzi, "Haiuzwi."