Nguchiro Auza Kibanda cha Uji

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanauziana vitu, Nguchiro alikuwa na kibanda cha uji sokoni. Kila bakuli aliloliuza alilichorea mstari wa mkaa ukutani. Kanga alipoona mistari imejaa ukuta mzima, akakinunua kibanda kwa mtama wote aliowawekea watoto wake.

Siku ya kwanza akapika sufuria tele, wakaja wateja wawili tu. Kanga akaenda kudai mtama wake.

"Dada, tumeshauziana," Nguchiro akasema. "Labda uji wako hauna sukari."

"Mistari yako ni ya uongo."

"Nani aliniona nikiichora?"

Hakuna aliyemwona. Kanga akampelekea shauri Punda, mwenyekiti wa soko. Punda akamwita Nguchiro pale kibandani mbele ya wote, akamwuliza kama mistari ni ya kweli.

"Kweli tupu, Mwenyekiti. Kila mstari ni bakuli."

"Vizuri. Ushuru wa soko letu ni ukuni mmoja kwa kila bakuli. Wewe uliniletea tita moja dogo tu. Nenda msituni ukalete kuni zilizobaki."

Nguchiro akaanza kuihesabu ile mistari ukutani, akaishia njiani.

"Mwenyekiti, mingi niliichora kabla Kanga hajaja, ili ukuta upendeze."

"Basi hapa hakuna mauzo. Mrudishie mama mtama wake, nawe chukua kibanda chako."

Kanga alipofika nyumbani, watoto walimwuliza kama leo watakula.

"Mtakula na mtabakiza," akawaambia. Ndipo naye akaketi.