Mstari Ulioachwa Wazi

“Huyu Mtumiaji ni nani?” Mzee Yeslam aliuliza, kidole kikiwa juu ya mstari wa kwanza wa karatasi. “Duka hili nimekaa mwaka wa arubaini sasa. Sijapata kumuuzia udi mtu wa jina hilo.”

Mwikali, mwandishi wa programu, aliinama aitazame karatasi. Programu ya kupokea maagizo ya udi kwa simu ilikuwa tayari. Yalibaki majaribio, na saini ya mwenye duka. Ronald, bosi wake kule Mwembe Tayari, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba saini isipopatikana kufikia Alhamisi ya wiki ya pili, miezi yake mitatu ya kuangaliwa kazini ingeishia hapo. Naye aliipenda kazi hii kupita zote alizowahi kufanya.

Jaribio lenyewe lilikuwa sentensi tatu za lugha ya kawaida, ambazo kompyuta ilizifuata moja baada ya nyingine. Kwa kuwa hali iko hivi. Pindi mtu akitaka hiki. Basi kionekane kile. Zote zikitimia, kioo huwa kijani. Mzee Yeslam hakutaka kioo. Alitaka achapishiwe, asome kwa miwani yake.

Mwikali akamfuta Mtumiaji, akamwomba mzee ataje jina lolote la mfano.

Mzee akatazama dari, akatazama mizani, akajikohoza. “Andika Mwanaesha.”

Tangu hapo mzee alichangamka kama aliyepewa duka la pili. Siku iliyofuata alikataa neno “kubonyeza”. Bi. Mwanaesha habonyezi, alisema. Yeye huomba, tena kwa adabu. Mwikali alicheka moyoni, kwani Ronald naye alimgombeza hayo hayo kila siku: usiandike vidole vinafanya nini, andika mtu anataka nini. Siku ya tatu mzee aligundua kwamba sentensi ya pili imebeba mambo mawili, akaagiza moja litolewe. Kufikia siku ya nne, sentensi ya kwanza ilikuwa imenenepa: “Kwa kuwa Bi. Mwanaesha anapenda udi wa mawaridi usio na sukari nyingi, na hujifukiza Alhamisi baada ya Alasiri.”

“Mzee, kompyuta haina haja ya kuyajua haya yote,” Mwikali alisema.

“Kompyuta haina haja,” mzee alikubali, na asifute kitu.

Kazi ikaja kukwama kwenye sentensi ya mwisho. Mwikali aliandika kwamba basi agizo lifike; mzee akasema kufika si mwisho wa jambo. Mzee akataka iwe basi Bi. Mwanaesha aridhike, Mwikali akamweleza kwa upole kwamba kuridhika kumo moyoni, na mstari wa mwisho ni lazima uwe jambo la kuonekana kwa macho. Mzee Yeslam alifikiri mpaka kahawa ikampoa mkononi.

“Uache wazi,” akasema. “Jaribu vivyo hivyo.”

Wakajaribu. Kioo kikatoka manjano, maana yake hatua moja haijaandikwa. Kesho yake manjano tena, na kila siku iliyofuata. Kila mara mzee, aliyefiwa na mkewe miaka sita nyuma na ambaye hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani, aliomba karatasi ichapishwe, akaikunja polepole, akampa dada yake, Bi. Badria. Huyo aliitia kikapuni, akavaa buibui lake na kwenda kuwaamkua majirani. Mwikali alidhani karatasi zinakwenda kuwashia jiko.

Alhamisi ya wiki ya pili ikafika. Ronald alipiga simu mara mbili kabla ya adhuhuri. Mwikali alimwomba mzee saini, maana kazi aliiona ikimponyoka. Mzee, kanzu yake imepigwa pasi hadi inasimama, alimwambia asubiri kidogo.

Hodi ikapigwa. Akaingia mama wa makamo, na harufu ya udi wa mawaridi ikatangulia mbele yake. Akaweka mezani karatasi saba zilizonyooshwa vizuri, kila moja na doa la mafuta ya udi katikati. Mwikali alizitambua sentensi zake.

“Mimi ndiye Mwanaesha,” mama yule alisema.

Mwikali akaona kwamba kila karatasi ilikuwa imefungiwa udi. Wiki nzima majaribio yake yalikuwa yakipeleka mali ya kweli kwa mtu wa kweli. Akaanza kuomba radhi, akasema jina lilikuwa la mfano tu, kosa ni lake peke yake, na mzee hajui lolote. Mzee Yeslam alikuwa akiitazama mizani kana kwamba imeletwa asubuhi hiyo.

“Nipe kalamu, mwanangu,” Bi. Mwanaesha alisema.

Akachukua karatasi ya juu, akaandika taratibu kwenye mstari uliokuwa wazi, akaisukuma upande wa pili wa meza.

“Basi mwenye duka aje na wazee wake kesho Ijumaa, baada ya Alasiri, nyumbani kwa kaka yangu.”

Mzee Yeslam aliisoma mara mbili, hakubadilisha hata neno moja, akatia saini.