Alama kwenye Bawa

Mama alijifunza kupuliza rangi kwa kuharibu maboksi matupu. Rangi ikiwa nzito, bomba la kupulizia liliziba. Ikiwa nyepesi mno, ilichuruzika. Leo mkono ulipotulia, aliichukua ndege ndogo ya plastiki iliyounganishwa na binti yake, aliyefariki kabla ya kuipaka rangi.

Kwenye bawa, gundi iliyokauka ilibaki na alama ya kidole gumba cha binti.

"Hapo pasugue kwanza, mke wangu," mumewe alisema, akimpa msasa. "Ukipuliza hivihivi, hiyo alama itaonekana zaidi."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Kila mstari."

Mama aliuweka msasa pembeni, akavuta pumzi, akabonyeza bomba. Rangi ya buluu ikatua juu ya bawa, nyembamba kama ukungu.

Mumewe akasogeza taa karibu.