Ukuta wa Angustias

Basi lilikuwa limeshapita kona ya pili ya mlima Brígida alipofungua leso kukitazama tena kile kipande cha chokaa. Alikibandua asubuhi kwa kisu kutoka ukuta wa jirani yake, Angustias, apate kuuliza chokaa ile inatoka wapi.

Vijiji vyote vya huku juu ni vyeupe. Lakini ukuta ule ulikuwa mweupe wa kuumiza macho, tena ule mmoja tu, unaotazamana na dirisha la Brígida, ng'ambo ya uchochoro wa enzi za Wamori, Waislamu waliotawala huku zamani, usiopitisha punda wawili. Kwa mbele, nyumba ya Angustias ilikuwa ikibanduka kama ganda la yai. Basi alikuwa akimringia yeye peke yake. Miaka kumi na tisa Brígida alifuma mazulia dirishani pale, roho ikimuuma.

Kijiji cha kwanza hawakuijua chokaa ile. Cha pili walimcheka. Cha tatu, Amador mchoma chokaa aliisugua kwa kidole.

"Yangu hii. Ndiyo hiyohiyo unayonunua wewe, bibi. Mwenzio hupaka mara tatu."

"Ili iweje?"

"Jirani ni wako, unaniuliza mimi?"

Brígida akamwambia kwamba Angustias anatangaza penye chemchemi kuwa chokaa ya Amador ina majivu. Uongo mtupu, aliutunga palepale. Tanuri lile la chokaa Amador alilirithi kwa babu zake. Akaapa hatamuuzia Angustias tena hata kopo.

Mwezi wa Mei Angustias akaja mlangoni kuomba ndoo moja tu ya chokaa. Brígida akasema yake imekwisha. Angustias akachungulia ndani, kwenye mtambo wa kufumia.

"Pole, shoga," akasema.

Brígida aliona ni kejeli, akafunga mlango. Mvua za majira ya baridi ziliuosha ukuta ule, ukaota ukungu, ukawa wa kijivu. Hakuwahi kula kwa hamu kama majira yale.

Machi, zulia la harusi ya binti wa mwoka mikate lilirudishwa. Mistari aliyodhani ameifuma ya buluu, ilipofika juani, ilikuwa myeusi. Brígida akashuka mjini kwa daktari wa macho.

"Macho yako mazima, bibi. Unafumia wapi?"

"Dirishani, kama siku zote."

Angustias alihamia mji wa Almería kwa bintiye, akafa kabla ya mwaka. Amador alifunga tanuri. Brígida aliuza mtambo. Dirisha lake bado linatazama ukuta wa kijivu usiorudisha tena nuru ya jua, na chumbani mle, hata saa sita mchana, mtu hupapasa kiti kabla ya kukaa.